Sakafu ya laminati: inafaa wapi, inaharibikia wapi

Kwa sebule, laminati (vibao vinavyopachikana, vyenye picha ya mbao juu) ya milimita 8 yenye alama ya AC4 (daraja la uimara wa uso dhidi ya kuchakaa; namba kubwa ni imara zaidi) tunaiona bora kuliko zulia. Haihifadhi vumbi, haikwaruziki ovyo, haina ubaridi wa marumaru, na mafundi wawili wanamaliza chumba cha mita 4 kwa 4 ndani ya siku moja bila saruji wala gundi. Chumba cha kulala, AC3 inatosha.

Adui wake ni maji. Chini ya ile picha ya mbao kuna nyuzi za mti zilizoshindiliwa; maji yakituama kwenye kiungo, kingo zinavimba, zinabinuka, na hazirudi tena. Bafuni usiweke kabisa. Kudeki ni kwa tambara lililokamuliwa.

Lawama nyingi huiangukia bidhaa wakati kosa ni la ufungaji. Maboksi yalazwe chumbani saa 48 kabla ya kazi, hasa Dar es Salaam na Mombasa penye unyevu mwingi hewani. Zege liwe kavu na tambarare: bonde linalozidi milimita 3 ndani ya mita 2 lijazwe, la sivyo viungo vitalia kila ukikanyaga, mwishowe ulimi wa kibao, yaani ukingo unaoingia kwenye kibao jirani, ukatike. Tandika nailoni, kisha sponji ya milimita 2. Acha nafasi ya milimita 10 kuzunguka kuta zote, hata kwenye fremu za milango. Fundi akiisahau, vibao vikitanuka vinakosa pa kwenda na sakafu inapanda katikati.

Nunua asilimia 10 ya ziada, yote ya toleo moja la kiwandani, maana rangi hutofautiana.