Fedha za serikali kwa familia yenye mtoto mwenye ulemavu Dodoma: mlango upi unafunguka, upi unakwama

Mzazi mwenye mtoto asiyesikia au asiyetembea mara nyingi huanza kwa kuandika barua ya kuomba msaada na kuipeleka ofisi ya kata. Barua husomwa kwa huruma, hugongwa muhuri, kisha hulala kwenye faili. Fedha zipo. Tatizo ni kwamba zimegawanyika katika mafungu, kila fungu lina masharti yake, na barua ya kuomba msaada haimo kati ya nyaraka zinazolifungua. Hapa tunazipima huduma hizo jinsi zinavyomfikia mkazi wa mkoa wa Dodoma, awe Jiji, Bahi, Chemba au Mpwapwa: upimaji wa mtoto, ruzuku ya shule, TASAF (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini), mikopo ya halmashauri na mkopo wa elimu ya juu.

Anza na upimaji, hata kama shida yako ya leo ni ada au mtaji. Ripoti ya upimaji ndiyo karatasi utakayoulizwa karibu kila dirisha. Halmashauri ina afisa elimu anayeshughulikia elimu maalumu, na huyo ndiye wa kumwona, ama moja kwa moja au kwa kupitia mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Mtoto hupimwa kuona, kusikia, viungo na uelewa, kisha hupendekezewa shule: ya kawaida iliyo karibu na nyumbani, yenye kitengo cha elimu maalumu, au shule maalumu ya bweni kama ile ya wasioona ya Buigiri wilayani Chamwino, iliyopo tangu 1950.

Huduma hii tunaipa alama ya juu kuliko zote, kwa sababu ripoti moja inabadilisha maisha ya mtoto. Ila huharibika kwa mambo madogo yanayotokea kabla ya siku yenyewe. Mtoto anafika masikio yamejaa nta, anaandikwa hasikii vizuri. Mwingine angehitaji miwani tu, anaandikwa uoni hafifu. Mtoto mwenye kifafa amekosa dozi ya asubuhi kwa sababu ya safari. Mwenye mtindio wa ubongo ameamshwa saa tisa usiku ili kuwahi basi, na saa nne anapoonyeshwa picha hana nguvu ya kujibu, basi uwezo wake unaandikwa chini ya ulivyo. Kwa hiyo pitia hospitali kwanza: masikio yasafishwe, macho yapimwe kwa ubao wa herufi E, dawa zisikatizwe. Kama unatoka mbali, lala mjini kwa ndugu usiku wa kuamkia siku hiyo. Nenda na kadi ya kliniki ya tangu utotoni, kwa sababu mpimaji atauliza mtoto alikaa, alisimama na alisema neno la kwanza akiwa na umri gani, na mzazi mwenye watoto watano huchanganya tarehe.

Muda nao una uzito. Mwaka wa shule unaanza Januari, na nafasi za bweni ni chache. Aliyepimwa Agosti ana muda wa kutafutiwa nafasi. Aliyepimwa Januari mara nyingi husubiri mwaka mzima nyumbani. Ukipewa ripoti, toa nakala tatu na usikubali ile halisi ibaki ofisi yoyote. Tena upimaji si wa mara moja. Mtoto anakua, na ripoti ya miaka minne iliyopita inaweza kumfungia katika darasa ambalo ameshalipita.

Sasa ruzuku ya shule, ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi hadi kidato cha nne haina ada, na 2022 kidato cha tano na sita vikaingizwa. Serikali hulipa ruzuku ya uendeshaji shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, ambapo 6,000 huenda shuleni na 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Kwa sekondari ni 25,000, na nusu yake ndiyo huenda shuleni. Chukua kitengo chenye watoto 40. Mara 6,000 ni shilingi 240,000 kwa mwaka mzima. Mashine moja ya Perkins ya kuandikia nukta nundu, maandishi ya wasioona, inauzwa zaidi ya milioni moja.

Ukiitazama mashine hiyo kwa karibu utaelewa kwa nini hesabu ile haitoshi. Ina vitufe 6 vya nukta, kimoja cha nafasi, kimoja cha kurudi nyuma na kimoja cha kushuka mstari. Vumbi la Dodoma likichanganyika na mafuta ya zamani ndani yake, kitufe kikibonyezwa hakirudi haraka, na nukta moja inakosekana. Kwa msomaji asiyeona, nukta moja ikikosekana herufi ni nyingine kabisa. Karatasi nayo lazima iwe nzito. Za kawaida za fotokopi nukta zake hulala baada ya kupapaswa mara chache, na daftari la muhula wa kwanza halisomeki wakati wa mtihani. Vifaa vikubwa hununuliwa na serikali kuu na kugawiwa shuleni, na hilo ni jambo jema. Ila matengenezo na karatasi huangukia ruzuku ileile inayohesabiwa kwa kichwa, ambayo haitofautishi mtoto anayehitaji kalamu ya risasi na anayehitaji mashine.

Mzazi afanye nini? Aingie kamati ya shule. Humo ndimo mpango wa matumizi unapopitishwa, na matumizi ya ruzuku yanapaswa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ombi linalopita ni lile lenye kiasi: rimu 3 za karatasi nzito, kusafisha mashine 4 mara moja kwa muhula. Ombi la "mtukumbuke wenye ulemavu" hushangiliwa kikaoni na haliingii kwenye bajeti.

TASAF tutaigusa kwa ufupi kwa sababu si huduma ya kuomba. Kaya hutambuliwa na jamii yenyewe na majina kuthibitishwa kwenye mkutano wa hadhara, kwa hiyo siku ya utambuzi uwepo, na mtoto wako atajwe. Familia zinazomficha mtoto ndani hukosa hapa. Katika kipindi cha pili cha mpango, kilichozinduliwa 2020, ulemavu ndani ya kaya uliingizwa katika hesabu ya ruzuku. Sharti la elimu ni mahudhurio ya asilimia 80. Mtoto anayekwenda mazoezi ya viungo kila wiki anaweza kushuka chini ya hapo bila kosa lolote, hivyo kila akitoka kliniki mpelekee mwalimu wa darasa karatasi ya siku hiyo, naye aandike sababu kwenye rejista.

Tukae zaidi kwenye mikopo ya asilimia 10, maana hapa ndipo familia inaweza kupata kipato cha kudumu. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, kinaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, na Jiji la Dodoma lilitajwa kati ya halmashauri 10 za majaribio ya kukopesha kupitia benki. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako utaratibu unaotumika sasa katika halmashauri yako.

Kasoro ya kwanza iko kwenye hesabu yenyewe. Fungu linategemea makusanyo ya halmashauri. Katika kila shilingi bilioni moja ya mapato yanayohusika, watu wenye ulemavu wana milioni 20. Jiji linakusanya kwa kiwango ambacho Bahi na Chemba haziwezi kukifikia, kwa hiyo watu wawili wenye hali moja na andiko moja wana nafasi tofauti kwa sababu tu ya upande wa mpaka wanaoishi. Sensa ya 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu. Ukiiweka kando ya ile asilimia 2, fungu ni dogo mno.

Nguvu yake ni kwamba masharti ya idadi yamelegezwa. Wanawake na vijana hujikusanya kuanzia watano. Watu wenye ulemavu wanaweza kuwa wawili, na marekebisho ya kanuni ya 2021 yalimruhusu hata mtu mmoja. Mama wa mtoto mwenye ulemavu asisahau kwamba mlango wake wa asilimia 4 ya wanawake uko wazi, na akina mama watano waliokutana kwenye foleni ya mazoezi ya viungo tayari ni kikundi.

Njia ni hii: kikundi kinaandika katiba na muhtasari wa kikao cha kuomba mkopo, kinapata barua ya utambulisho ya mtaa au kijiji, kinasajiliwa kupitia afisa maendeleo ya jamii, kinafungua akaunti kwa jina la kikundi, kisha kinawasilisha andiko la mradi. Kila mwanachama awe na namba ya NIDA. Jina la kikundi liandikwe kwa herufi zilezile kwenye katiba, cheti na akaunti. "Tumaini" na "Matumaini" vimekwamisha malipo ambayo tayari yamepitishwa. Mweka sahihi asiyeona atatumia dole gumba, hivyo ulizeni benki mapema kama inataka shahidi. Mwenye kutumia lugha ya alama aende na mkalimani siku ya mafunzo, kwa sababu masharti ya marejesho husomwa siku hiyo.

Panapoharibikia zaidi ni andiko. Marejesho huanza baada ya miezi michache, na miradi mingi inayopendwa hailipi haraka hivyo. Kuku chotara hutaga wakikaribia miezi mitano. Kuku 100 hula karibu kilo 800 za chakula kabla ya yai la kwanza, yaani mifuko 16 ya kilo 50, na andiko la kawaida huweka mifuko 5. Chanjo nazo husahaulika: kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21. Banda likipigwa na kideri wiki ya sita, deni linabaki bila kuku. Zabibu ni fahari ya Dodoma na huvunwa mara mbili kwa mwaka, lakini mzabibu mpya huchukua zaidi ya mwaka kabla ya kuzaa. Usiupande kwa mkopo huu. Nunua mavuno ya wenye mashamba, uyasindike au uyauze.

Gharama ya kurekebisha kifaa iandikwe waziwazi. Bajaji hufunga breki kwa mguu; dereva asiyetumia miguu anahitaji mkono wa breki uliochomelewa vizuri na kukaguliwa, pamoja na leseni, bima na kibali cha usafirishaji. Cherehani ya kukanyaga haimfai mwenye miguu iliyopooza, anahitaji ya umeme au ya kuzungusha kwa mkono. Kamati haikatai andiko lenye mstari wa marekebisho. Mkopo unaotolewa bila mstari huo hununua kifaa ambacho mwenyewe hawezi kukitumia, na kikundi kinaishia kumwajiri mtu mwingine.

Kwa kijana aliyemaliza kidato cha sita, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huufanya ulemavu kuwa kigezo cha kuangaliwa, lakini ni lazima uthibitishwe na mganga mkuu wa mkoa au wilaya. Barua ya zahanati haitoshi. Maombi hufanyika mtandaoni, ada ni shilingi 30,000, cheti cha kuzaliwa huhakikiwa kwanza RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), na kaya ya TASAF huweka namba yake. Yanayoangusha maombi ni madogo: ukurasa usio na sahihi ya serikali ya mtaa, picha ya nyaraka iliyofifia, jina la cheti cha kuzaliwa kutofautiana na la kidato cha nne. Hilo la mwisho hurekebishwa kisheria na huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo linganisha vyeti mapema, matokeo yakiwa bado hayajatoka. Ukipangiwa pungufu, dirisha la rufaa hufunguliwa. Ambatisha gharama halisi za vifaa na msaidizi. Na jua kuwa ni mkopo, utarejeshwa.

Asiyeelekea chuo kikuu ana njia nyingine isiyotangazwa vya kutosha. Ofisi ya Waziri Mkuu ina vyuo vya ufundi stadi na marekebisho kwa watu wenye ulemavu, na cha karibu kwa watu wa Dodoma kiko Sabasaba, Singida, kama kilomita 240 kwa basi. Fomu ulizia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, na ripoti ya upimaji uwe nayo mkononi.