Uzoefu wangu na riwaya "Captive": mauaji, sindano na mwanamke asiyefunguka

Nashona nguo Kadutu, hapa Bukavu, na kitabu hiki nilikipata kwa muuzaji anayetandaza vitabu vya mtumba kando ya barabara, Nyawera. Nilikifungua katikati nikaangukia mahali ambapo mwanamke mfungwa anashona huku akijibu maswali ya daktari. Nikataka kujua kama mwandishi anaelewa kazi ya sindano au anabahatisha. Anaelewa.

Ni riwaya ya Margaret Atwood wa Kanada. Ilitoka 1996 kwa jina la Alias Grace. Mimi nimeisoma kwa Kifaransa. Mauaji yenyewe ni ya kweli. Julai 1843, karibu na Richmond Hill, kaskazini ya Toronto, Thomas Kinnear aliuawa nyumbani kwake pamoja na Nancy Montgomery, aliyemsimamia nyumba. Watumishi wawili walikimbilia Marekani, wakakamatwa huko: James McDermott, na Grace Marks, msichana wa miaka 16 aliyezaliwa Ireland. McDermott alinyongwa Novemba mwaka uleule. Grace naye alihukumiwa kifo, adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, na hakuachiliwa mpaka 1872.

Katika riwaya, daktari kijana anayeitwa Simon Jordan, ambaye ni wa kubuni, anamfuata gerezani Kingston. Anamletea tufaha, siku nyingine kiazi, akitumaini kwamba vitu hivyo vitamkumbusha chumba cha chini ambako maiti zilifichwa. Grace anaona wazi anachotafuta. Anaendelea na pindo lake na kumsimulia maisha yake kwa mwendo anaoutaka mwenyewe. Hapo ndipo nilipompenda. Hana bunduki wala cheo, anavaa nguo za gereza, na bado yeye ndiye anayeamua leo daktari ataondoka na nini.

Kuna sehemu moja niliisoma mara tatu. Mama yake Grace anafia melini wakiwa njiani kwenda Kanada, na inatakiwa shuka la kumfunikia kabla hajatupwa baharini. Grace anachagua shuka la pili kwa uzuri, siyo lile zuri kabisa. Baadaye hilo linamsumbua kuliko dhoruba yote ya safari. Aliyewahi kukata sanda ya mtu wake huku akihesabu mita za kitambaa anajua uzito wa jambo hilo. Niliweka mkasi chini, nikanyamaza kidogo.

Na Mary Whitney! Mtumishi mwenzake, mwenye ulimi mkali, anayemfundisha kufua, kupiga pasi na kutowaogopa matajiri. Anapata mimba ya mtu asiyekusudia kumwoa, anatoa, anakufa kitandani. Grace anapokimbilia Marekani anajiita kwa jina la rafiki huyu. Ndiyo maana kichwa cha Kifaransa hakinipendezi: Captive maana yake mateka, lakini kichwa cha asili kinazungumzia jina la kujificha, na kitabu kizima kimejengwa juu ya jina hilo.

Sehemu zote 15 zimepewa majina ya mitindo ya mablanketi ya viraka, yale yanayounganishwa kwa vipande vidogo vya nguo kuukuu. Moja inaitwa Sahani Zilizovunjika. Mimi huweka mabaki ya vitenge ndani ya gunia chini ya mashine, na kila kipande najua kilitoka kwa nguo ya nani: ya harusi, ya matanga, ya mteja ambaye hakurudi kuichukua. Grace anatazama nguo hivyohivyo. Vipande vya mwisho anavyochagua sitavitaja, mtavikuta wenyewe.

Jioni nilikuwa nawasimulia kwa Kiswahili mabinti ninaowafundisha kushona. Mmoja alikasirika kabisa: "Mama, sasa ni yeye aliua ama siye?" Nilimwambia mwandishi hasemi. Mwenzake akamjibu kwamba msichana wa miaka 16 mwenye mwanaume mwenye shoka pembeni hawezi kukataa. Mwingine akasema hapana, huyo Grace ana akili, anaficha. Walibishana mpaka giza likaingia na kazi ya mteja haijaisha. Kama unasoma hadithi za mauaji ili mwishoni mtu anyooshewe kidole, hii itakuudhi. Mimi naona mwandishi angemdhulumu Grace kama angetoa jibu ambalo mahakama yenyewe haikulipata vizuri.

Kinachochosha ni katikati, mambo ya daktari na mama mwenye nyumba anayompangisha. Kurasa zile zingepunguzwa, kila zilipofika nilimtamani Grace arudi. Maandishi nayo ni madogo. Usiku kwa mshumaa yanaumiza macho.

Nililipa dola 3 na sijutii, ingawa gundi ya nakala yangu ilikuwa imekauka na kurasa zikaanza kutoka kufikia sehemu ya nne. Nilitoboa mgongo wake kwa sindano nene, nikaushona kwa uzi wa jinzi, na mpaka sasa unashika. Ukikiona kwa wauza mtumba, kifungue katikati uvute ukurasa polepole kabla hujalipa. Ukurasa ukitoka, omba wakupunguzie, uende nacho nyumbani hivyohivyo.