Sanduku la Queen I: dramu zimepona, albamu ya 1973 imeachwa nje

Miaka yote albamu ya kwanza ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza, nilikuwa naisikiliza kwa kuivumilia. Nyimbo zenyewe hazina neno, tatizo ni mlio. Dramu za Roger Taylor zilikuwa kavu, zimebanwa, kama mtu anagonga katoni tupu chumba cha pili. Kwa hiyo niliposikia kwamba kazi hiyo ya 1973 inatolewa upya Oktoba 2024, safari hii kwa jina la Queen I, nilimwagiza binamu yangu aliyeko London aniletee sanduku lenyewe. Bei yake si ya mchezo, nisiwafiche.

Ndani mna CD sita, santuri moja na kitabu cha kurasa 108 chenye picha na mashairi yaliyoandikwa kwa mkono. Rekodi ni 63, na 43 kati ya hizo zimemiksiwa upya, yaani sauti na ala zimepangwa upya kutoka kanda za awali. Kitabu ni kizuri, ila nilikipekua mara moja nikakiweka kando. Nilichofuata ni sauti.

Kwa nini albamu ilitoka vile? Queen walirekodi Trident, studio ya Soho, London, na hawakuwa wateja wa kulipa. Waliingia saa ambazo wakubwa hawapo, mara nyingi usiku, wakatumia muda uliobaki. Trident nao walikuwa na mtindo wao wa kurekodi dramu: mlio mfupi, usio na mwangwi. Bendi haikuupenda hata siku ile, lakini vijana ambao hata jina bado hawana watamwambia nani? Sasa Brian May na Roger wamerudi kwenye kanda zilezile pamoja na mafundi wao, Justin Shirley-Smith, Joshua Macrae na Kris Fredriksson, wakazipa ala nafasi ya kupumua. Upigaji ni uleule wa zamani. Kilichobadilika ni namna unavyoyafikia masikio.

Na unabadilika kweli. Weka "Keep Yourself Alive" kwenye spika za maana, uongeze sauti kidogo. Gitaa la Brian linaingia kwa mkwaruzo uleule tunaoujua, halafu dramu zinafuata, na kwa mara ya kwanza unajua kwamba mtu amekaa nyuma yake na ana mikono mizito. "Liar" ndiyo iliyonikalisha chini. Zamani nilikuwa nairuka, naiona ndefu. Sasa sauti za kuitikia zimetawanyika kushoto na kulia, na besi ya John Deacon, ambayo nilikuwa naihisi tu kifuani, inafuatika noti kwa noti. (Maskini Deacon: kwenye jalada la 1973 hata jina lake liligeuzwa likawa Deacon John.)

Wameurudisha pia "Mad the Swine", ulioondolewa kwenye albamu dakika za mwisho kwa sababu bendi na prodyuza Roy Thomas Baker hawakuelewana juu ya dramu zake. Ulikaa kabatini hadi 1991. Sasa ni wa nne, kati ya "Great King Rat" na "My Fairy King", mahali ulipopangiwa tangu mwanzo. Wimbo wenyewe ni wa kawaida tu, lakini pale ulipo unapunguza makelele kidogo kabla Freddie Mercury, mwimbaji wao, hajakaa kwenye piano.

Mzanzibari atauliza: na Mji Mkongwe je? Freddie alizaliwa huko mwaka 1946 na familia ikaondoka 1964, lakini ukija humu kutafuta taarabu utatoka mikono mitupu. Dunia anayoiimba ni ya kubuni, ya wafalme na farasi wenye mabawa.

CD ya pili ndiyo ninayoirudia kuliko zote. Ni demo tano, rekodi za majaribio, za studio ya De Lane Lea, zilizorekodiwa 1971 studio hiyo ilipokuwa mpya, ikahitaji bendi ya kupiga kelele ili mitambo ijaribiwe. Queen wakapata kurekodi bure. Hapo unasikia walivyotaka kusikika kabla ya Trident, na unaelewa kwa nini waliing'ang'ania rekodi ya "The Night Comes Down" ya huko hadi ikaingia kwenye albamu.

CD ya nne ni nyimbo bila sauti ya mwimbaji mkuu. Mpiga gitaa itamfaa, mimi niliishia katikati.

Sasa lawama yangu. Sanduku kubwa namna hii, na miksi ya 1973 haimo! Hata kwenye santuri wameweka miksi mpya. Naelewa kwamba wenye kazi waliichukia, lakini sisi ndiyo tuliyokua nayo, na bila kuiweka pembeni huwezi kupima walichorekebisha. Mimi nimebakiza CD yangu ya 2011, na nakushauri uitafute hiyo kwanza kama huna chochote. Kama unataka albamu mpya pekee, nunua toleo la CD moja au isikilize mtandaoni. Sanduku ni la yule anayetaka demo, mazungumzo ya studio na maonyesho ya jukwaani, na ambaye hatakasirika rekodi ya wimbo "Hangman" ya San Diego, 1976, itakapomfikia na ukungu wa rekodi ya shabiki aliyekuwa ukumbini.