Kamera ya kupigia nyota: nilianza na mtumba wa Kariakoo

Tarehe 1 Septemba 2016 nilikuwa Rujewa, Mbeya, katikati ya umati uliokwenda kuangalia Jua likipatwa na kubaki pete. Miwani ya kuangalizia nilikuwa nayo, simu nilikuwa nayo, akili ya kupiga picha sikuwa nayo. Nilirudi Dar na picha kumi na saba za doa jeupe. (Na ukiielekeza kamera kwenye Jua bila chujio maalumu unaweza kuiua. Simu yangu ilipona kwa bahati tu.) Nikajiapiza kutafuta kamera ya kweli.

Kila niliyemuuliza alinitajia megapikseli. Hakuna aliyeniuliza nataka kupiga nini hasa, nyota au sayari, na swali hilo ndilo lingeniokolea miaka miwili ya kuhangaika. Nyota na Njia Nyeupe, ule ukanda mweupe wa nyota unaokatiza anga, ni hafifu na zimetapakaa anga nzima, kwa hiyo zinataka kihisi kikubwa (kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga) kinachoweza kukaa wazi kwa sekunde nyingi. Sayari inang'aa, lakini ni ndogo ajabu na inacheza kwa sababu ya hewa iliyo juu yetu. Hiyo haitaki picha, inataka video ya kasi.

Mimi nilinunua kwanza, nikaelewa baadaye. Kariakoo nilipata Canon EOS 600D ya mtumba pamoja na lenzi yake ya milimita 18 hadi 55, kwa laki sita na nusu baada ya kubishana sana. Ni kamera iliyotoka mwaka 2011. Jambo moja nililolijua siku ile ni kuijaribu gizani: funga kifuniko cha lenzi, weka ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, iwe 1600, acha wazi sekunde 30, kisha kuza picha uikague. Kamera ya kwanza niliyopewa ilijaa vitone vyekundu na vya bluu kama kitenge. Ya pili ilikuwa navyo vichache, na vichache havikosekani. Muuzaji aliniangalia kama mtu aliyetoka kwao kuja kupiga picha giza, ambalo kusema kweli ndilo nililolifuata.

Kitu nilichokuja kukipenda kuliko vyote ni kioo chake cha nyuma kinachofunguka na kuzunguka. Kamera ikiwa imeelekea utosini, huhitaji kulala chini kwenye umande ili uone unachopiga.

Jaribio la kwanza la maana lilikuwa Julai, kwa mama, Mafinga. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo yetu: mvua hakuna, na kitovu cha Njia Nyeupe kinapita juu sana angani, jambo ambalo watu wa Ulaya hawalipati nyumbani kwao. Lenzi ukiiacha ijitafutie fokasi yenyewe itahangaika tu mbele na nyuma. Niliizima, nikaikuza mara kumi kwenye kioo ile nyota kali iliyo jirani na Msalaba wa Kusini, nikazungusha polepole hadi ikawa kitone kidogo kuliko vyote, kisha nikaigandisha pete ya lenzi kwa selotepu. Usiidharau selotepu.

Muda wa kuacha wazi una hesabu yake ya mitaani: 500 gawanya kwa urefu wa lenzi (ile namba yake ya milimita), ila kwa kihisi cha ukubwa huu unazidisha urefu huo kwa 1.6 kwanza. Kwa milimita 18 inakuja kama sekunde 17. Sekunde 20 nilizojaribu zilinipa nyota zenye mkia, nikarudi 15. Ukiikuza picha moja ina chenga, lakini piga mia moja mfululizo, uziingize kwenye Siril, programu ya bure, izipange nyota juu ya nyota na kuzichanganya. Chenga zinapungua kama mara kumi. Ilipofika saa tano usiku lenzi ikavuta umande. Mama akapasha mchele mkavu kwenye kikaango, akaumimina kwenye soksi, tukaifunga soksi shingoni mwa lenzi. Umande ukakauka. "Mchele wenyewe utaurudisha," akasema.

Wekundu ndio unaokosekana. Lile wingu la gesi la Karina upande wa kusini lilinitokea la waridi iliyopauka, kwa sababu kamera karibu zote za kawaida zina chujio linalozuia sehemu kubwa ya mwanga mwekundu wa hidrojeni, wa nanomita 656. Yapo matoleo yaliyotengenezwa kwa ajili ya anga, kama Canon 60Da ya mwaka 2012 na Nikon D810A ya 2015, lakini madukani kwetu sijawahi kuyaona. Nimeridhika na waridi.

Kwenye sayari ndiko nilikoumbuka. Desemba 21, 2020 Mshtarii (Jupita) na Zohali (Saturni, ile yenye pete) zilikaribiana hadi zikaenea kwenye darubini kwa pamoja. Nina darubini ya kioo cha milimita 130, urefu wa fokasi milimita 650. Nikaichomeka kamera, na fokasi ikagoma kabisa, kwa sababu kihisi kimekaa ndani mno ya mwili wa kamera na bomba la darubini haliwezi kuingia zaidi. Lenzi ya Barlow ya 2x, ile inayochomekwa katikati na kukuza mara mbili, ndiyo iliyoniokoa. Mawingu yalifunguka robo saa tu. Nilipata zote mbili pichani, pamoja na miezi ya Mshtarii, na bado ninaipenda picha ile. Lakini picha yenye upana wa pikseli 5184 ilikuwa na Mshtarii ya pikseli hamsini hivi, nyeupe pe, haina hata mkanda mmoja wa mawingu yake. Mpwa wangu akainama kwenye skrini: "Mjomba, ile pesa yote ni kwa hii?"

Basi nikaagiza kamera ya sayari, ZWO ASI120MC-S. Ni kamera ndogo isiyo na skrini, betri wala kadi. Bila laptopu ni kopo tu. Kihisi chake ni pikseli 1280 kwa 960, na faida yake ni fremu 60 kwa sekunde. Kero yake ni udogo huohuo: kwenye darubini yangu isiyo na mota ya kufuata anga, sayari inavuka uwanja mzima kwa sekunde hamsini, halafu unaanza kuitafuta upya. Usiku wa kwanza, juu ya paa Tabata, nilitumia saa nzima kuipata Mshtarii. Ilipotokea ilikuwa inatetemeka kama sarafu iliyozama kwenye maji ya mtoni. Nikarekodi sekunde arobaini, fremu 2400, programu ya AutoStakkert ikachagua robo iliyo bora na kuzirundika. Mikanda miwili ya kahawia ikajitokeza. Nikamwamsha mpwa wangu.

Taa za jiji haziisumbui sayari, kwa hiyo hii ni kamera ya Dar. Septemba 2025 niliipiga Zohali nayo, mwaka ambao pete zake zimelala ubavu: mpira uliochomwa sindano.

Nikiulizwa leo, mtu mwenye fedha ya kamera moja namwambia anunue ya mtumba na tripodi nzito, na darubini isubiri. Ya sayari ni ya mtu aliyekwisha kuwa na darubini na laptopu, na asiyesinzia mapema. Mwezi mtupu unapigika hata kwa simu iliyobanwa kwenye jicho la darubini.

Na ile 600D imepiga mpaka send-off ya binamu yangu. Malipo yake yakanunua Barlow ya 3x, ya kuitumia na ile kamera ya sayari.