Calibre kwa maktaba ya vitabu vya kujifunza Biblia: amua safu kwanza, mimina vitabu baadaye

Vitabu vya kidijitali vikishapita elfu moja, folda hazimsaidii tena mhubiri wala mwanachuo wa theolojia. Ufafanuzi mmoja wa nyaraka za Yohana ungetakiwa kukaa kwenye folda tatu kwa wakati mmoja. Kamusi ya Biblia inahusu vitabu vyote 66. Na faili iliyoshuka kutoka kundi la WhatsApp inaitwa "romans_final2.pdf", mwandishi hajulikani, mwaka haujulikani.

Calibre ni programu ya bure ya kutunza vitabu vya kidijitali. Aliyeianzisha ni Kovid Goyal, mwaka 2006, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Hapa tunaipima kwa swali moja: Jumamosi jioni, mtu akitaka kila alicho nacho kuhusu Warumi 8, atakipata kabla chai haijapoa? Atakipata, ila kwa sharti moja. Calibre haijui Biblia ina vitabu gani. Inapanga kwa maswali ambayo mwenye maktaba ameifundisha, na wengi wanaoiacha ni wale waliomimina PDF elfu tatu siku ya kwanza kisha wakakuta rundo lile lile, safari hii likiwa na picha za majalada.

Kabla ya kupakua, angalia kompyuta. Toleo la 6, lililotoka 2022, halifanyi kazi kwenye kompyuta za biti 32. Mashine ya zamani itabaki na toleo la 5, ambalo hupanga vizuri tu lakini halina utafutaji wa maneno yaliyo ndani ya vitabu. Jua pia kwamba Calibre hunakili kila faili kwenye folda yake, kwa hiyo vitabu vya GB 20 vitataka GB 20 nyingine hadi ujiridhishe na ufute nakala za mwanzo.

Kazi yenyewe iko kwenye safu za kujitengenezea, ndani ya "Preferences", sehemu ya "Add your own columns". Nne zinatosha.

Ya kwanza, na muhimu kuliko zote, ni ya kitabu cha Biblia. Ipe jina la ndani #kitabu na uchague aina inayokubali thamani nyingi zikitenganishwa kwa mkato, kama lebo. Andika majina yakitanguliwa na namba: 01 Mwanzo, 19 Zaburi, 23 Isaya, 45 Warumi, 66 Ufunuo. Bila namba, orodha hupangwa kwa alfabeti, na 1 Petro, 1 Samweli na 1 Wafalme hujazana juu kabla ya Amosi. Ufafanuzi wa nyaraka za Yohana sasa unaandikwa "62 1 Yohana, 63 2 Yohana, 64 3 Yohana", na faili inabaki moja. Kitabu kinachogusa Biblia yote kipe "00 Biblia nzima". Wakatoliki, wenye vitabu 73, waamue mapema Tobiti, Yudithi na wenzao watakaa wapi kwenye namba, maana kubadili mpangilio katikati ya safari ni kazi ya siku nzima.

Kuna jambo dogo hapa linaloleta faida kubwa. Kwenye "Look & feel", sehemu ya "Tag browser", ongeza #kitabu katika orodha ya makundi yenye ngazi. Kuanzia hapo nukta inakuwa alama ya ngazi. "45 Warumi.08" inakaa chini ya Warumi kama sura ya nane, na hapo ndipo unapoweka kitabu kizima kilichoandikwa juu ya sura hiyo peke yake. Utafutaji wa Jumamosi unakuwa huu:

#kitabu:"=.45 Warumi" or #kitabu:"=00 Biblia nzima"

Ile nukta baada ya alama ya sawasawa ndiyo inayoleta Warumi pamoja na sura zake zote. Watu huisahau, wanapata nusu ya vitabu vyao, kisha wanailaumu programu. Utafutaji huo uhifadhi kama maktaba pepe, yaani "Virtual library", na hutauandika tena.

Safu ya pili ni #aina, na hii iwe ya thamani zilizofungwa, usizoweza kuongeza kwa bahati mbaya: ufafanuzi, kamusi, itifaki (orodha ya maneno ya Biblia na mistari yanamopatikana), utangulizi, mahubiri, theolojia, historia ya kanisa, lugha za asili, ramani. Ukiiacha wazi, ndani ya mwezi utakuwa na "ufafanuzi", "Commentary", "commentaries" na "maelezo", na kila moja imeshika robo ya vitabu. Ya tatu ni #mwaka, namba kamili, ya mwaka kitabu kilipotoka mara ya kwanza. Tarehe ya kuchapishwa ambayo Calibre huvuta mtandaoni mara nyingi ni ya toleo lililorudiwa, hivyo Itifaki ya James Strong ya 1890 huweza kuonekana kama kitabu cha juzi. Ya nne ni #asili: kimenunuliwa, ni cha umma, au nimepewa. Usiidharau. Siku ya kugawia wanafunzi vitabu, ndiyo itakayoonyesha kipi unaruhusiwa kunakili.

Lugha haihitaji safu mpya. Sehemu yake ipo tayari, na Kiswahili kimo.

Sasa uingizaji. Kwa kawaida Calibre husoma taarifa zilizofichwa ndani ya faili, na kwa EPUB nzuri, aina ya faili ya vitabu vya kidijitali, hilo linafaa. Kwa PDF zilizopigwa skana ni balaa: mwandishi hutokea kuwa jina la mashine ya skana, na kichwa kikawa "Microsoft Word - Document1". PDF zako nyingi zikiwa na majina ya mtindo wa "Kichwa - Mwandishi", iagize isome jina la faili badala ya yaliyomo. Kwenye mipangilio hiyo hiyo ya kuongeza vitabu ("Adding books") weka lebo ya "mpya" iwekwe yenyewe kwa kila kitabu kinachoingia. Ingiza mia mbili, chuja lebo hiyo, jaza safu, ondoa lebo, ndipo ulete mia mbili nyingine. Kazi ni nyepesi kuliko inavyosikika: chagua vitabu kumi na tano vya Zaburi, bonyeza E, jaza safu kwa wote mara moja.

Onyo la nakala linalotokea wakati wa kuingiza huangalia taarifa kama kichwa na mwandishi, si faili yenyewe. Faili ile ile yenye majina mawili tofauti itapita bila kuulizwa. Programu jalizi ya "Find Duplicates" inalinganisha faili zenyewe, na kwa maktaba iliyokusanywa kutoka kwa watu wengi ni ya lazima.

Majina ya waandishi ndiyo yanayochosha. "C. H. Spurgeon", "Charles Spurgeon" na "Spurgeon, Charles H." kwa Calibre ni watu watatu. Fungua usimamizi wa waandishi, wape wote jina lile lile, nao wataungana. Waandishi wawili wa kitabu kimoja hutenganishwa kwa alama ya &, si kwa mkato. Vitabu vya juzuu nyingi viweke kwenye sehemu ya mfululizo na namba ya juzuu. Ufafanuzi wa Biblia wa Matthew Henry una sita: Mwanzo hadi Kumbukumbu la Torati, Yoshua hadi Esta, Ayubu hadi Wimbo Ulio Bora, Isaya hadi Malaki, Mathayo hadi Yohana, na Matendo hadi Ufunuo. Kwenye juzuu la sita acha maelezo: Henry alifariki 1714 akiwa amefika mwisho wa Matendo, na sehemu ya Warumi hadi Ufunuo ilikamilishwa na wachungaji wengine. Anayemnukuu "Matthew Henry juu ya Warumi" ajue hilo.

Utafutaji wa ndani ya vitabu, kitufe cha "FT" kando ya kisanduku cha kutafutia, ndio sababu kubwa ya kuwa na toleo la 6 au jipya zaidi. Mara ya kwanza huchukua muda mrefu, kwa hiyo iache ifanye kazi usiku ikiwa kwenye umeme. Kwa Kiingereza ni hodari. Andika NEAR("faith" "works", 10) nayo italeta kila mahali maneno hayo mawili yalipokaribiana. Kwa Kiswahili kuna mpaka unaotokana na lugha yenyewe. Programu inaweza kukamilisha mwisho wa neno kwa nyota, lakini vitenzi vyetu hubadilika mwanzoni: anaokoa, ameokolewa, tutaokoka. Haitambui kwamba shina ni moja. Tafuta kwa nomino, "wokovu" au "upatanisho", au orodhesha maumbo mwenyewe ukiyatenganisha kwa OR ya herufi kubwa.

PDF ya picha haitafutiki kabisa. Jaribu kuvuta kipanya juu ya mstari. Maneno yasipopakwa rangi, ukurasa ni picha. Tiba ni OCRmyPDF, programu ya bure ya kugeuza picha za maandishi kuwa maneno, inayotumia injini ya Tesseract. Kwa kitabu cha Kiswahili amri ni ocrmypdf -l swa, kisha jina la faili ya kuingia na la kutokea. Kwa ufafanuzi wenye Kiyunani na Kiebrania andika -l eng+grc+heb, ukiwa umesakinisha data za lugha hizo. Usitegemee usahihi kamili kwenye Kiebrania chenye irabu, wala kwenye vitabu vya zamani vyenye safu mbili na tanbihi ndogo.

Calibre inashindwa waziwazi kwenye mstari wa Biblia. Haiwezi kufungua vitabu kumi vyote vikiwa Warumi 8:28, jambo ambalo programu za kujifunza Biblia, kama Logos na e-Sword, zimeundwa kulifanya. Vitabu ulivyonunua ndani ya Logos havitahamia Calibre, na kitabu chochote kilichofungwa kwa ulinzi wa muuzaji hakitafunguka. Mwenye vitabu vingi vya Logos aendelee huko kwa kazi ya mstari, na Calibre aitumie kwa PDF na EPUB zilizotapakaa. Kuilazimisha ifanye yote mawili ni kujichosha.

Kwa simu, washa "Content server" kwenye menyu ya kushiriki, kisha fungua kivinjari cha simu kwa anwani ya kompyuta ikifuatwa na :8080. Zote mbili ziwe kwenye Wi-Fi moja; hotspoti ya simu inatosha, na kusoma hivyo hakuli bando. Kwenye mtandao wa chuo au kanisa weka jina na nywila kwanza.

Makosa mawili huua maktaba. La kwanza ni kuingia kwenye folda ya Calibre na kubadili majina ya faili kwa mkono. Baada ya hapo programu haivioni vitabu hivyo. La pili ni kuiweka maktaba hai ndani ya Google Drive au OneDrive. Faili ya metadata.db ndiyo inayoshika kila kitu, na huduma hizo zikiigusa wakati Calibre inaandika, huharibika. Funga programu, nakili folda nzima kwenye diski ya nje, na ufanye hivyo kila baada ya kuingiza fungu jipya. Diski hiyo isiwe ya mfumo wa FAT32, maana haikubali faili moja inayozidi GB 4, na faharasa ya utafutaji ya maktaba kubwa inaweza kufika huko. Umeme ukikatika na metadata.db ikaharibika, nenda "Library maintenance", kisha "Restore database": Calibre itaijenga upya kwa kusoma faili ndogo ya metadata.opf iliyo kando ya kila kitabu, pamoja na safu zako nne.