Uzoefu wangu: kusikiliza Beach Read ya Emily Henry ndani ya pantoni

Nilikuwa sijagusa riwaya ya mapenzi tangu nilipokuwa sekondari, enzi zile tulipopitishiana vitabu vyembamba chini ya madawati, vikiwa vimevalishwa gazeti ili mwalimu wa zamu asione jalada. Kwa hiyo mfanyakazi mwenzangu aliponishauri nisikilize Beach Read, riwaya ya Mmarekani Emily Henry iliyotoka mwaka 2020, nilikubali kwa sababu moja tu: ninaishi Kigamboni, ninafanya kazi Posta, ng'ambo ya maji jijini Dar es Salaam, na foleni ya pantoni, yaani kivuko, asubuhi na jioni inataka kitu cha kuishughulisha akili. Nilinunua toleo la sauti, ambalo lina takribani saa kumi za kusikiliza, nikalimaliza ndani ya juma moja na siku mbili. Siku ya mwisho nilipitiliza kituo changu cha bajaji, nikarudi kwa miguu.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kuisimulia. January Andrews ni mwandishi wa riwaya za mapenzi, ana umri wa miaka 29, baba yake amefariki, na kalamu imemkaukia. Siku ya mazishi amekutana na mwanamke ambaye baba yake alikuwa na uhusiano naye kwa siri, na mwanamke huyo akamkabidhi ufunguo wa nyumba iliyoko mji mdogo wa ufukweni na barua kutoka kwa marehemu. January, akiwa hana fedha wala pa kukaa, anahamia kwenye nyumba hiyo kwa nia ya kuiuza na kumaliza kitabu anachodaiwa kabla majira ya joto hayajaisha. Jirani yake anageuka kuwa Augustus Everett, au Gus, aliyesoma naye chuo kimoja, mwandishi wa riwaya nzito zinazosifiwa na wahakiki, ambaye January anaamini kwamba aliwahi kuzibeza hadithi zake kwa sababu kila moja huishia kwa wahusika kuishi raha mustarehe. Wanawekeana dau: msimu huo Gus ataandika mapenzi, January ataandika majonzi, na kila mmoja atampeleka mwenzake mahali pa kujifunzia kazi asiyoijua.

Dau hilo ndilo linaloibeba riwaya nzima, na mwandishi amelitumia vizuri. January anampeleka Gus kwenye sinema ya kutazamwa ukiwa ndani ya gari, na kwenye baa ambako watu hucheza kwa mistari mfano wa kwata, ili aone mambo ambayo watu hupendania. Ninakiri kwamba nilicheka peke yangu kwenye foleni, jambo ambalo mtu hulifanya kwa hasara yake mwenyewe.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni ndogo mno. Nyumba zao zimekaribiana, na wanapokaa mezani kuandika huonana dirisha kwa dirisha. Badala ya kupigiana simu wanaanza kuandikiana karatasi kwa kalamu nene na kuzinyanyua kwenye kioo: neno moja, mbili, utani, swali. Hakuna anayemwambia mwenzake kwamba anampenda, lakini msikilizaji hujikuta anangoja karatasi ifuatayo kuliko busu lolote. Nimezaliwa Pangani, kwenye nyumba ambazo baraza zake zinatazamana, na ninajua namna watu wawili wanavyoweza kuzungumza mchana kutwa bila kufungua kinywa. Mwandishi huyu, ambaye hapo kabla alikuwa akiwaandikia vijana, na hiki kikiwa kitabu chake cha kwanza kwa watu wazima, anafahamu kwamba mapenzi hukolea katika kungoja.

Msimulizi wa toleo la sauti ni Julia Whelan, na kwa maoni yangu yeye ni nusu ya thamani ya bidhaa hii. Hajaribu kuigiza sauti nzito ya kiume Gus anapozungumza. Anaipunguza tu kasi na kuishusha kidogo, nawe unamjua mzungumzaji kabla hajatajwa. Ukisoma kwa macho, utani wa January unaweza kukuchosha kwa wingi wake, maana hapiti aya mbili bila kujikejeli. Ukiusikia kwa sauti ya Whelan, unatambua kwamba yule binti anacheka ili asilie.

Nitoe tahadhari kwa wapenda bahari. Mji wenyewe, North Bear Shores, ni wa kubuni, na ufukwe wake ni wa Ziwa Michigan. Mwanzoni nilihisi nimepunjwa. Baadaye nikakumbuka kwamba ziwa hilo lina yapata kilomita za mraba 58,000, si dogo sana likilinganishwa na Ziwa Victoria lenye takribani 68,800, na kwamba mtu akisimama Mwanza au Bukoba hatafuti ng'ambo ndipo aamini kuwa yuko ufukweni. Lililonigusa ni jua. Kwetu Pangani jua huchomoza baharini na kutua nyuma ya minazi, kwa hiyo bahari yetu ni ya asubuhi, ya wavuvi wanaorudi na ndoo. Kwenye pwani ile ya Michigan, jua hutua majini, na nilielewa kwa nini kila jambo la maana kati ya wapenzi hawa hutokea jioni.

Sasa nije kwenye kasoro, kwa kuwa zipo. Kitabu kinatangazwa kama burudani ya ufukweni, na kwa sehemu kubwa ndivyo kilivyo, lakini utafiti wa Gus unahusu kikundi cha imani ambacho waumini wake waliishia kufa, na January huenda naye kuwahoji walionusurika. Msikilizaji wa pwani yetu, aliyefuatilia mwaka 2023 habari za msitu wa Shakahola kule Kilifi, Kenya, ambako ilifukuliwa zaidi ya miili 400 ya waumini wa kikundi cha namna hiyo, hawezi kuipokea sehemu hiyo kama pambo la hadithi. Mimi nilisimamisha simulizi mara mbili. Silaumu uamuzi wa kuligusa jambo hilo. Ninalaumu haraka ya kuliacha, kwa maana mahojiano yanakwisha na sura inayofuata tumesharudi kwenye macho ya Gus na nywele zake. Wale walionusurika walistahili muda zaidi, au wasingeletwa kabisa.

Kasoro ya pili ni mji wenyewe. Tunamfahamu Pete, mwenye duka la vitabu, pamoja na mwenza wake Maggie, na kuna kikao cha klabu ya vitabu kinachochekesha sana, lakini wengine ni kama vivuli. Katika mji mdogo wa ufukweni ninaoujua mimi, mgeni mwenye nyumba ya urithi wenye utata angekuwa ameshachambuliwa sokoni kabla hajafungua sanduku, na angeletewa sahani ya vitumbua ili mletaji apate kuchungulia ndani. January anaachwa na faragha nyingi mno.

Kuhusu matumizi: programu niliyotumia, ambayo sitaitaja, ilikataa kadi yangu mara tatu kabla ya kupokea malipo, na ilisahau nilipoishia kila simu ilipozima, basi andika pembeni namba ya sura. Pia kitabu kina matukio ya faragha yaliyoelezwa bila pazia. Siku ya nne hedifoni zangu ziliisha chaji katikati ya tukio kama hilo, sauti ikahamia kwenye spika ya simu, na mama mmoja aliyekuwa na beseni la dagaa pembeni yangu akaniuliza kwa huruma ya kweli, "Mwanangu, huyo wa kwenye simu anaumwa?" Nikamjibu, "Hapana mama, anapona," nikashuka pantoni nimeinamisha kichwa.

Ninakipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeikata kwa ajili ya wale walionusurika. Kwa anayemlea kijana wa sekondari, kitabu hiki kisikilizwe na mzazi peke yake. Kwa aliyefiwa na mzazi hivi karibuni, ningemshauri asubiri kidogo, kwani ile barua ya baba, ambayo January anaizungukazunguka kwa sura nyingi bila kuifungua, ilinikamata koo mahali ambapo sikuitarajia, katikati ya maji, Magogoni ikiwa nyuma na Kigamboni bado mbele.