Darasa la Python la Jumamosi: klasi za wafanyakazi ziko safi, kwenye makato wamechemka

Nimemaliza wiki iliyopita darasa la Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta), jumla Jumamosi sita, kwa laki mbili na nusu. Jina la sehemu sitaji maana ticha ni mtu poa na hela yangu nyingi naona imerudi, ila kuna mahali wamenikera na lazima niseme.

Mimi siyo mtu wa IT, niko ofisi ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Dar, mishahara ya watu 11 naipiga kwa Excel kila mwisho wa mwezi, ndo maana niliposikia projekti yao ni kuandika mfumo wa wafanyakazi na mishahara nikajilipia mwenyewe bila hata kumgusia bosi.

Unaanza na klasi mama (klasi ni kama fomu ya kuundia vitu vya aina moja), Mfanyakazi, ina jina, namba na mshahara, halafu inazaa watoto wanaorithi hivyo vyote: Meneja mwenye posho, Muuzaji mwenye kamisheni, Kibarua wa kulipwa kwa siku. Kila mtoto ana hesabu yake, ukishawaweka wote kwenye listi moja unaita tu piga_mshahara() na kila mmoja anajijua. Excel yangu ina IF ndani ya IF ndani ya IF mpaka nikiifungua naogopa kugusa, kwa hiyo hapo nilicheka peke yangu kama chizi.

Jumamosi ya tatu ndo ilikuwa yenyewe. Validesheni, yaani kukagua kinachoingizwa. Tukaandika setta (kipande kinachokagua namba kabla haijahifadhiwa), mshahara ukiwa chini ya sifuri programu igome, tukajaribu, ikagoma, tunapongezana. Ticha akasema haya, sasa sajili mfanyakazi mpya kabisa mpe -500000. Ikapokea! Darasa kimya. Akakaa zake na simu, hakusema kitu karibu nusu saa, sisi tunahangaika, mpaka dogo mmoja wa nyuma akaona: ndani ya __init__ (sehemu inayofanya kazi pale unapomsajili mfanyakazi mpya) wote tuliandika self._mshahara, na hicho kistari kinakupitisha pembeni bila setta kujua umeingia. Ukikitoa ukaandika self.mshahara, inakukamata hapo hapo. Kistari kimoja tu, jamani.

Sasa lawama zangu ziko kwenye kodi (na Kiswahili hapa kinakuchanganya, ticha akisema "kodi yako ina shida" hujui ni ulichoandika au ni mambo ya TRA). Programu yao inapiga PAYE (kodi ya mshahara) kwenye mshahara mzima ndo inakuja kukata NSSF (mchango wa pensheni). Siyo hivyo! Ile asilimia 10 ya mfanyakazi inatoka kwanza, PAYE inapigwa kwenye kinachobaki. Chukua mtu wa 900,000, toa NSSF 90,000 inabaki 810,000, hapo yuko daraja la 68,000 jumlisha asilimia 25 ya kinachozidi 760,000, PAYE yake 80,500 na anaondoka na 729,500. Ya darasani ilimkata PAYE 103,000. Elfu 22 na mia 5 zimeliwa hivi hivi kila mwezi, na huyo mtu atakuja dirishani kwangu na salari slipu mkononi, siyo kwa ticha. Nilipomwambia akajibu "huo ni mfano tu dada, cha msingi ni kurithisha klasi". Mfano tu wakati nusu ya darasa ni wahasibu?

Na senti walituachia kwenye float, aina ya namba ambayo kompyuta inakadiria desimali, ile ambayo 0.1 + 0.2 inakupa 0.30000000000000004. Decimal, aina inayoshika senti sawasawa, nilikuja kuijua mwenyewe nyumbani.

Nyota 3 na nusu kati ya 5. Kama unataka kuelewa klasi nenda, ila jedwali la PAYE beba la kwako na uandike hiyo sehemu mwenyewe. Beba na extension, soketi ziko mbili na sisi tulikuwa 14.